Nani Ana Mamlaka ya Kusimamisha Mtambo?

Ndugu viongozi, wahandisi wenzangu, wanafunzi wa madini na jiolojia, na ninyi wazee wetu na akina mama mliotoka vijiji vinavyopakana na migodi: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie changamoto za sekta ya madini kwa upande wa uhandisi, mazingira na uendeshaji. Mada ni pana mno. Ningeweza kueleza habari za mwamba unaopasuka wenyewe kwenye migodi ya chini ya ardhi, joto na hewa nzito ya huko chini, au umeme unaokatika pampu zikiwa kazini. Kila moja linastahili siku yake. Mimi nitakaa mahali pamoja ambapo uhandisi, mazingira na uendeshaji hukutana, yaani bwawa la topesumu, lile linalohifadhi mabaki ya mwamba uliosagwa pamoja na maji yake. Na neno langu kuhusu bwawa hilo ni moja, nalisema mapema ili mlipime kadiri ninavyoendelea: mhandisi anayelisoma bwawa kila siku apewe mamlaka ya kusimamisha mtambo wa kusagia mwamba, saa yoyote, bila kuomba ruhusa kwa mtu anayepimwa kwa wakia za dhahabu, yaani uzito wa dhahabu aliyoizalisha.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaona dhahabu na hawaoni tope. Mwamba wenye gramu 3 za dhahabu kwa kila tani ni mwamba unaolipa. Chukua mgodi unaosaga tani 10,000 kwa siku. Jioni utapata chini kidogo ya kilo 30 za dhahabu, mzigo ambao kijana mmoja mwenye nguvu anaweza kuuinua. Zile tani 10,000 zilizobaki zimesagwa zikawa laini kuliko mchanga wa mtoni, zimechanganywa na maji, zimepitia kwenye sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, na lazima zilazwe mahali. Kesho zinakuja nyingine 10,000. Kwa mwaka ni zaidi ya tani milioni 3.6. Ukiutazama mgodi kwa uzito wa kinachotoka, huo ni mgodi wa tope ambao pia hutoa dhahabu kidogo. Lakini angalia bajeti, angalia taarifa za kila mwezi, angalia nani anakaribishwa kuzungumza kwenye kikao cha asubuhi. Tope huzungumziwa mwisho, likizungumziwa.

Sasa bwawa lenyewe. Bwawa la maji, mfano Mtera, hujengwa likaisha, likakaguliwa, ndipo likajazwa. Bwawa la tope halina siku ya kukabidhiwa. Huanza na ukuta mfupi, tope likajaa, ukuta ukainuliwa, tope likajaa tena, ukainuliwa tena, miaka 20 au 30. Katika miaka hiyo aliyechora mchoro wa kwanza amestaafu, mkandarasi amebadilika, kampuni imeuzwa kwa wenye hisa wengine, na michoro ya mifereji iliyofukiwa chini ya ukuta imepotelea kwenye kompyuta ya mtu aliyehama. Anayeinua ukuta leo anajenga juu ya kazi ambayo hakuiona.

Na kuna njia tofauti za kuinua. Unaweza kuusogeza ukuta kwa nje, ukakalia ardhi imara, lakini unahitaji kifusi kingi na fedha nyingi. Unaweza kuuinua wima. Au unaweza kuusogeza kwa ndani, ukuta mpya ukakalia tope lililokauka juu. Hii ya tatu ndiyo rahisi kwa gharama, na ndiyo yenye historia mbaya zaidi duniani. Tope likikauka juu, halimaanishi limekauka chini.

Hapa naomba wanafunzi wanisikilize kwa makini. Mnaojua pwani mmewahi kusimama kwenye mchanga uliolowa, ukaonekana mgumu, kisha ukaanza kuukanyagakanyaga mahali pamoja. Ghafla unalegea, maji yanapanda, mguu unazama. Mchanga ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba uzito uliokuwa unabebwa na punje kwa punje umehamia kwenye maji, na maji hayawezi kubeba. Ukuta wa tope lililojaa maji hufanya hivyohivyo. Unaweza kusimama miaka 40 ukiwa mgumu, kisha ukageuka uji kwa sekunde chache.

Hayo ndiyo yaliyotokea Brumadinho, Brazili, Januari 25, 2019, saa sita na nusu mchana. Bwawa lilikuwa limeanza kujengwa mwaka 1976, limeinuliwa kwa ndani mara nyingi hadi kimo cha mita zaidi ya 80, na halikuwa limepokea tope jipya tangu 2016. Mwaka 2018 lilipewa cheti kwamba ni thabiti. Mgahawa wa wafanyakazi ulikuwa bondeni chini yake, na ilikuwa saa ya chakula. Watu 270 walikufa. Wataalamu waliochunguza walieleza kwamba mwinuko wa ukuta ulikuwa mkali, maji hayakuwa yanatoka inavyotakiwa ndani yake, na mvua za miaka iliyotangulia ziliongeza udhaifu. Wakasema pia bwawa halikutoa dalili za wazi kabla ya kubomoka. Ukilala ukingoja ufa uonekane, unaweza kuzikwa ukiwa bado unangoja.

Najua kuna anayesema Brazili ni mbali. Basi twende Kishapu, mkoani Shinyanga. Novemba 7, 2022, ukuta wa mashariki wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, pale Mwadui, ulibomoka. Tope likatoka nje ya eneo la mgodi likaingia kwenye makazi, mashamba na malisho ya watu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Uzalishaji ulisimama hadi mwaka uliofuata, likajengwa bwawa jingine. Miezi miwili tu kabla, Septemba 11, bwawa la tope la almasi la Jagersfontein, Afrika Kusini, lilikuwa limebomoka, likasomba nyumba na kuua.

Ninasisitiza Mwadui kwa sababu mbili. Ya kwanza, tope la almasi halina sianidi. Almasi hutenganishwa na mwamba bila sumu ya aina hiyo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba hatari ya bwawa ni kemikali peke yake. Tope safi kabisa, likifunika shamba la pamba na kisima, limeondoa chakula na maji ya familia. Mtu analipwa fidia ya nyumba, vizuri, lakini udongo wa juu uliotengenezwa kwa vizazi haulipwi kwa hundi.

Ya pili ni ardhi yetu wenyewe. Shinyanga na Simiyu zina maeneo mapana ya udongo mweusi wa mbuga. Wakulima wanaujua kuliko sisi: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kunasa magari. Udongo huo chini ya ukuta wa bwawa una tabia zake, na tabia hizo haziandikwi kwenye vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya ardhi ya Kanada au Australia. Sisemi ndio ulioangusha ukuta wa Mwadui. Ninasema mhandisi anayejenga hapa asiyechimba mashimo ya kutosha kuupima udongo huo wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, anabahatisha na maisha ya watu.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Januari 2000 kule Baia Mare, Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la mgodi wa dhahabu, maji yenye sianidi yakamwagika mitoni, samaki wakafa hadi Hungaria. Februari 2025 jirani zetu Wazambia waliona bwawa la tope lenye asidi likibomoka Chambishi, sumu ikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Hata wachimbaji wadogo hawasalimiki na mvua: Januari 2024 mkoani Simiyu ardhi iliyolowa iliporomoka ikawafukia watu zaidi ya 20. Kwa hiyo mtu akiniuliza kazi ya mhandisi wa bwawa ni nini, namjibu: kuyatoa maji. Maji yanayobaki juu ya tope yakae mbali na ukuta. Kati ya maji hayo na kilele cha ukuta ibaki nafasi ya kupokea mvua kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona, pamoja na zile ambazo hatujaziona. Na ndani ya ukuta kuwe na pizomita, yale mabomba membamba yanayotuonyesha maji yamepanda hadi wapi mahali jicho lisipofika.

Niliwahi kupita kwenye mgodi mmoja, nikaomba kuonyeshwa usomaji wa pizomita. Daftari lilikuwa safi, namba zilezile wiki baada ya wiki, masika na kiangazi. Maji ndani ya ukuta hayakai hivyo. Tulipokwenda kuangalia, baadhi ya mabomba yalikuwa yameziba zamani. Kijana aliyekuwa akiandika hakuwa mvivu wala mwongo wa kuzaliwa. Aliwahi kuripoti kwamba yameziba, akaambiwa asubiri bajeti. Alisubiri, na fomu ilitaka namba kila Ijumaa, akaijaza namba.

Hilo linaniuma kuliko tetemeko au mafuriko, na ndilo lililonileta kwenye neno langu la leo. Kwenye migodi mingi, anayelisoma bwawa yuko chini ya meneja wa mtambo wa kuchenjulia. Meneja huyo anapimwa kwa tani zilizosagwa na dhahabu iliyomiminwa. Mvua kubwa inaponyesha usiku na maji yakaanza kuusogelea ukuta, uamuzi wa kiusalama ni mmoja: simamisha mtambo, usipeleke tope jingine, pampu zifanye kazi. Lakini kila saa ya mtambo kusimama ni hasara inayoonekana kwenye taarifa ya asubuhi, na kila saa ya bwawa kuokoka haionekani popote. Tumemweka mtu mmoja aamue kati ya hasara inayoonekana na hatari isiyoonekana, na mshahara wake tumeufunga upande mmoja. Kisha tukipata maafa tunamtafuta nani aliyezembea.

Agosti 2020, baada ya Brumadinho, ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kusimamia mabwawa ya tope, ulioandaliwa kwa pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, baraza la kampuni kubwa za madini na wawekezaji. Una mambo mazuri. Unataka kila bwawa liwe na mhandisi wake anayejulikana, na awepo mkubwa wa kampuni anayewajibika moja kwa moja. Unataka marupurupu ya utendaji yahusishwe na usalama wa bwawa, na anayetoa taarifa ya hatari asiadhibiwe. Nauunga mkono wote. Lakini mhandisi anayejulikana kwa jina, asiye na ufunguo wa kuzima, atabaki kuwa jina la kuandikwa kwenye ripoti ya uchunguzi. Kwenye mashimo ya chini ya ardhi tulishakubali kwamba mchimbaji wa kawaida akiona mwamba wa juu haujakaa vizuri, anatoka na kuwatoa wenzake, na hakuna anayemwuliza wakia. Kwa nini juu ya ardhi, ambako anayekaa chini ya hatari ni kijiji kizima, iwe tofauti?

Nikisema kijiji, siwazungumzii watu wa kuhurumiwa tu. Wao ni chanzo cha taarifa. Oktoba 21, 1966, huko Aberfan, Wales, kilima cha taka za mgodi wa makaa ya mawe kiliporomoka juu ya shule ya msingi. Walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Kilima kilikuwa kimerundikwa juu ya chemchemi. Chemchemi ilikuwemo kwenye ramani. Miaka michache kabla, zilikuwa zimeandikwa barua kulalamikia tope lililokuwa nyuma ya shule, na barua zikakaa. Hapa kwetu ukimwuliza mzee aliyechunga ng'ombe bonde hilo tangu utotoni, atakuonyesha mahali maji hutokea hata kiangazi kikiwa kikali. Mashine ya kutoboa ardhi ya mamilioni inaweza kuipita chemchemi kwa mita chache. Mzee hatoipita. Sijaona mgodi unaomlipa mzee huyo kwa maarifa hayo, na ninaona ni aibu kwetu.

Kuna jambo jingine ambalo bwawa linalificha, na wenzetu wa Nyamongo, mkoani Mara, wanalifahamu. Mwamba wenye salfaidi, yaani madini yaliyoshikana na salfa, ukikaa chini umetulia. Ukiutoa, ukaukutanisha na hewa na maji, unazalisha asidi, na asidi inayeyusha metali zilizomo. Mei 2009 maji ya namna hiyo yalitoka kwenye eneo la mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe, ambao maji yake huenda mto Mara na hatimaye Ziwa Viktoria. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi unaohusu bwawa la topesumu. Asidi hii haina tarehe ya kuisha. Kampuni inafunga ofisi, wazalishaji wanaondoka, mwamba unaendelea na kazi yake.

Na migodi yetu imeanza kufungwa. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride pale Nzega ulikuwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa kufunguliwa, nao umeshafungwa. Buzwagi, Kahama, ulimaliza uzalishaji 2021. Tunazungumza kuhusu majengo yatatumikaje na uwanja wa ndege utakuwa wa nani, na ni maswali halali. Nauliza jingine: pizomita za bwawa la Buzwagi zitasomwa na nani mwaka 2050? Fedha ya dhamana ya kurekebisha mazingira ikokotolewe kwa swali hilo, isiishie kwenye gharama ya kupanda nyasi na kusawazisha kingo.

Kwa wachimbaji wadogo nitasema kwa ufupi, ingawa wanahitaji hotuba yao. Zebaki wanayokamatia dhahabu tunaipiga vita, na tunafanya vizuri. Lakini marudio, yaani mabaki ya mwamba yanayobaki kwenye mialo wanakooshea dhahabu, yenye zebaki ndani, sasa yananunuliwa na kupelekwa kwenye plenti, yaani mitambo, za sianidi ili kukamua dhahabu iliyobaki. Sianidi ikikutana na zebaki inaifanya iyeyuke na kusafiri na maji kirahisi zaidi. Tope la plenti hizo linalazwa kwenye vibwawa vilivyotandikwa plastiki, mara nyingine karibu na visima. Sheria yetu ya mazingira inataka mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Ofisa madini na ofisa mazingira wa halmashauri wapande gari moja wakaipime hiyo 60 kwa futi kamba. Wala haihitaji mfadhili.

Sasa maombi yangu, na nayataja kwa watu wenyewe waliomo humu.

Ninyi mnaotoa vibali: andikeni kwenye masharti kwamba mhandisi wa bwawa hayuko chini ya meneja wa uzalishaji, na kwamba amri yake ya kusimamisha mtambo haitenguliwi na mtu mwingine yeyote mgodini hadi mkaguzi wa nje afike. Mkaguzi huyo asichaguliwe na anayekaguliwa. Kampuni ilipe kwenye mfuko, na mfuko umlipe mkaguzi.

Wamiliki na mameneja: nafahamu uzito wa mkopo na bei ya dhahabu. Lakini fanyeni hesabu ya Mwadui. Siku chache za mtambo kusimama kwa hiari wakati wa mvua ni nyingi kuliko miezi ya kusimama kwa lazima? Na hapo sijahesabu mtu.

Wanafunzi: mtaajiriwa, na mtapewa daftari la pizomita mkiwa bado wageni kazini. Bomba likiziba, andikeni "limeziba". Wiki ijayo andikeni tena "limeziba". Msiandike namba. Likipita mwezi, pelekeni nakala juu ya mkubwa wenu, na wekeni tarehe.

Wazee na akina mama wa vijijini: mna haki ya kujua bwawa lililo juu yenu likibomoka tope litafika wapi na kwa dakika ngapi. Ramani hiyo ipo, au inapaswa kuwapo. Ombeni ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ikionyesha njia ya kukimbilia mlimani. King'ora kijaribiwe mchana mkisikia, hata watoto wakiwa shuleni. Brumadinho tope liliwafikia watu bila king'ora kulia. Na mkiona maji yanatoka mahali yasipotoka mwaka jana, au maji yaliyokuwa safi yametoka na matope, msingoje mkutano wa kijiji. Pigeni simu hapohapo, na mtendaji aandike saa.

Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, kutegemea eneo. Nawaomba wakuu wa wilaya zenye migodi wakae na wahandisi wa mabwawa kabla mvua hizo hazijaanza, wawaulize ana kwa ana, bila meneja wa uzalishaji chumbani: usiku wa leo ukiona maji yanapanda, utampigia nani, na akikataa, utafanya nini? Jibu la swali la pili ndilo litawaonyesha bwawa hilo liko salama kiasi gani.

Nakaribisha maswali, na kwa ruhusa ya mwenyekiti naomba yaanzie kwa watu wa vijijini. Asanteni sana.